Dereva akija na mdhamini wake, kiti kauziwa au kakipata kwa uwezo? Naomba kueleweshwa

Tairi_Laini

Wakuu habari zenu. Naomba nieleweshwe kitu maana kila nikisoma maoni ya watu naona matusi mengi kuliko maelezo. Kwenye Formula 1 kila dereva akibamiza ukuta au akimaliza wa mwisho lazima atokee mtu aseme "huyo kanunua kiti", leo watamsema Stroll, kesho Mazepin, keshokutwa wanarudi mpaka kwa Maldonado ambaye alishatoka siku nyingi. Sawa, ila kuna vitu haviniingii akilini.

Kwanza si kuna leseni? Navyojua FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, toka 2016 wanataka dereva awe amekusanya pointi 40 ndani ya misimu mitatu kwenye mashindano ya chini ndo aruhusiwe F1, sasa kama masharti yako hivyo hela inapenyea wapi? Pili, hizi timu siku hizi tunaambiwa zina thamani ya mabilioni ya dola, timu ya mabilioni inahangaika vipi na hela ya baba wa mtu? Na tatu, hili ndo linaniumiza kichwa zaidi, yule mwenye logo yake kwenye gari ana nguvu kiasi gani? Anaweza akanyanyua simu akasema fulani simtaki, nileteeni fulani?

Wanaojua waje. Wale wa timu yangu timu yako naomba mkae pembeni kidogo.

breki_chelewa

Jibu fupi: Stroll.
Jibu refu: baba yake Stroll.

Mods fungeni uzi 😂

MzeeWaKona

@breki_chelewa acha utani, mwenzio kauliza kwa heshima.

Mkuu Tairi_Laini, ile leseni inamzuia asiyejua kuendesha, tajiri haimgusi. Hizo pointi 40 zinapatikana wapi? Ukimaliza ndani ya tatu bora Formula 2 unazipata zote kwa mkupuo, safi kabisa, ila kiti cha F2 msimu mmoja kinatajwa kuwa euro milioni 2 na zaidi, na kabla ya F2 ushapita F3, kabla ya hapo F4, na kabla ya yote hayo umekaa miaka kwenye gokati ambako mtoto hata hajamaliza shule ya msingi anabadilishiwa injini na tairi kama vile anapigania ubingwa wa dunia. Kwa hiyo mpaka mtu anagonga mlango wa F1 tayari kuna mtu kamlipia mamilioni, awe baba, kampuni au akademi ya timu kubwa. Wote wamelipiwa. Hamilton kwao hapakuwa na hela, baba yake alikuwa anapiga kazi zaidi ya moja kumuweka dogo kwenye gokati, lakini 1998 akiwa na miaka 13 McLaren na Mercedes wakamchukua kwenye programu yao na bili zikahamia kwao. Ocon wazazi wake waliuza nyumba wakawa wanaishi kwenye karavani wakizunguka naye viwanjani. Hizo ndo hadithi tunazozipenda, ila kwa kila Ocon mmoja kuna wangapi waliouza nyumba na mtoto hakufika popote, hao hatuwajui hata majina.

Sasa Lance Stroll, na hapa najua ntatukanwa. Dogo alichukua ubingwa wa F4 Italia 2014, akachukua F3 ya Ulaya 2016, mwaka uliofuata akiwa mgeni kabisa F1 akapanda podiamu Baku, na 2020 Uturuki kwenye mvua alikamata nafasi ya kwanza ya kuanzia mbele ya watu wote unaowajua. Asiyejua kuendesha hafanyi hayo. Ila ni kweli pia wakati anachukua hizo F3 alikuwa na masaa ya mazoezi, mainjinia na simuleta ambavyo wenzake wengi walikuwa wanavisikia tu. Hela ndo ilimnunulia hayo masaa, na mwenye masaa mengi kwenye gari anakuwa na kasi, hakuna muujiza hapo.

Na kumbukeni 2018 ilivyokuwa. Timu ya Force India ilikuwa imekwisha kifedha, mpaka Perez, dereva wao wenyewe, alikuwa anaidai timu na ndo akawa mmoja wa walioipeleka chini ya msimamizi wa ufilisi mwezi wa 7 ili isije ikafungwa moja kwa moja. Stroll mzee, baba yake Lance, na wenzake matajiri wakainunua, watu kama 400 hivi pale kiwandani wakabaki na kazi zao. Msimu ulipoisha Ocon akatolewa, Lance akaingia. Ocon akakaa 2019 nzima kama dereva wa akiba Mercedes, akarudi na Renault 2020, na Hungary 2021 akashinda mbio. Sasa muulize Ocon kama ile ilikuwa haki atakwambia hapana, kamuulize fundi wa pale kiwandani mwenye mkopo wa nyumba uone atakujibu nini.

breki_chelewa

Mzee wangu mi nakuheshimu ila umeruka sehemu tamu. 2020 kwenye timu hiyo hiyo Perez alimaliza na pointi 125 akawa wa nne kwenye ubingwa, Lance 75. Wakataka kumleta Vettel, bingwa wa zamani, mmoja lazima atoke. Nani katoka? Perez, na mkataba alikuwa nao mkononi! Alafu kabla msimu haujaisha akaenda mbio za Sakhir, akagongwa mzunguko wa kwanza akawa wa mwisho kabisa, akawapita wote akashinda. Mtu ambaye ameshafukuzwa. Ingekuwa ni kampuni ya kawaida mtoto wa bosi ndo angehamishiwa stoo.

Na kinachochekesha ni kwamba Perez mwenyewe kaingia F1 na hela za kampuni ya simu ya Telmex ya kina Carlos Slim toka timu ya Sauber 2011. Kwa hiyo pale mwenye hela katolewa na mwenye hela zaidi.

dereva_wa_simu

Mi naona mnakuza tu hii kitu, kama hela ingekuwa inanunua ushindi basi Toyota wangekuwa mabingwa mara kibao. Wamekaa F1 2002 mpaka 2009 na bajeti ya kutisha, ushindi SIFURI. Honda nao wakamwaga hela wakakimbia mwisho wa 2008, timu ikauzwa kwa pauni moja, bosi wake Ross Brawn akaipeleka uwanjani gari jeupe halina hata stika za kutosha na Button akachukua ubingwa 2009. Hela makaratasi tu

PitiLeni

@dereva_wa_simu hiyo ya Brawn kila mtu anaitaja kinyume. Lile gari la pauni moja Honda walilitengeneza 2008 mwaka mzima kwa hela zao, waliacha kuhangaika na gari la msimu ule wakaweka nguvu zote kwenye la 2009, alafu wakaondoka kabla ya kuvuna. Pauni moja ilikuwa bei ya karatasi. Hela ilishaliwa tayari.

Narudi kwa mwenye uzi. Swali lako la pili, kwamba timu inahitajije hela ya baba wa mtu, kuna mfano mmoja mrefu ambao ukiuelewa huo hutauliza tena, ntakusimulia wote maana watu huwa wanautaja vipande vipande.

Anzia 2014 Monaco. Dereva Jules Bianchi akiwa na timu ya Marussia, gari bovu kabisa la mwisho, anamaliza wa 9, pointi 2. Pointi mbili tu. Ila kwenye F1 hela ya zawadi inagawiwa kwa nafasi ya timu mwisho wa msimu, na mwaka huo Sauber, timu yenye historia yake, ilimaliza na sifuri kwa mara ya kwanza toka waingie. Kwa hizo mbili za Bianchi Marussia wakawa juu ya Sauber kwenye msimamo. Marussia wenyewe walifilisika mwezi wa 10 ila ile nafasi ya tisa na hela zake ndo moja ya vitu vilivyofanya wapatikane watu wa kuwafufua 2015 kama Manor.

Sauber huku nyuma njaa kali. Dereva wao wa akiba Giedo van der Garde alishasaini nao kuendesha 2015 na kwa maelezo yake mwenyewe hela ya wadhamini wake ilishaingia mapema 2014, ndo ikaisaidia timu kuvuka mwaka. Sasa mwisho wa mwaka wakatokea wengine wawili wenye mafungu mapya, Marcus Ericsson na Felipe Nasr, Nasr akiwa na Banco do Brasil mgongoni. Timu ikawapa hao wawili viti. Jamaa akaenda mahakamani, na mahakama ya Melbourne ikasema ana haki ya kuendesha. Mbio za kwanza za msimu 2015, Ijumaa asubuhi, van der Garde yuko gereji amevaa ovaroli la Ericsson, Sauber hawakutoa gari hata moja mazoezi ya kwanza kwa kuogopa mahakama isije ikakamata mali zao. Mwisho akakubali kulipwa akaondoka, inatajwa euro milioni 15. Yaani timu iliuza viti viwili kwa watu watatu!

Haijaisha. 2016 Manor wana Pascal Wehrlein, kawapatia pointi 1 Austria, wako wa 10 kwenye msimamo, Sauber wa mwisho hawana kitu. Mbio moja kabla ya mwisho, Brazil, mvua ya kufa mtu, Nasr nyumbani kwao anamaliza wa 9, pointi 2. Sauber wanapanda wa 10, Manor wanashuka wa 11 na hela inayoenda na ile nafasi inapotea. Mwezi wa kwanza 2017 Manor imefungwa, watu wamerudi nyumbani. Na Nasr aliyeiokoa Sauber? Benki ilijitoa kumdhamini, kiti hana. Kiti chake kakipata nani? Wehrlein wa Manor.

Rudieni hapo muone. Ni pointi mbili hapa, pointi mbili pale, na kila pointi ina mamilioni nyuma yake. Timu ya namna hiyo mwezi wa 11 ikiwa haijui mishahara ya mwezi wa kwanza itatoka wapi, akija kijana mwenye kasi ya kawaida ila ana milioni kumi za uhakika na mwingine ana kasi kidogo zaidi na mikono mitupu, wewe mkurugenzi unachukua nani? Na huyo Ericsson mnayemuita wa kununua alienda Marekani akashinda Indy 500 mwaka 2022, sijui hapo tunasemaje.

Tairi_Laini

Aisee @PitiLeni hii ya Sauber sijawahi kuisikia yote kwa pamoja, asante sana mkuu. Sasa hiyo ilikuwa zamani kidogo, vipi baada ya ukomo wa bajeti kuja? Na swali la mdhamini kupiga simu bado halijajibiwa.

PitiLeni

Ukomo ulianza 2021 na dola milioni 145, ukashuka 140 na 135 miaka iliyofuata, ila kumbuka mishahara ya madereva haimo, wala masoko, wala wale watu watatu wanaolipwa zaidi kwenye timu. Red Bull walizidisha 2021 wakapigwa faini ya milioni 7 na kupunguziwa asilimia 10 ya muda wa majaribio ya upepo. Kabla ya hapo wakubwa walikuwa wanatajwa kutumia zaidi ya milioni 400 kwa mwaka. Kwa hiyo mkubwa kafungwa kamba na mdogo kapata nafuu, thamani za timu zimepanda, na kweli wa kununua kiti waziwazi wamepungua.

Mfano mzuri wa mwisho ni timu ya Haas. 2021 walikuwa na Mazepin, na Uralkali ambayo ni kampuni iliyohusiana na baba yake ndo mdhamini mkuu, mpaka gari likapakwa rangi nyeupe bluu nyekundu. Msimu mzima timu haikupata pointi hata moja. Urusi ikaivamia Ukraine mwezi wa 2 mwaka 2022, wakiwa kwenye majaribio Barcelona Haas wakabandua stika zote gari likabaki jeupe, siku chache baadaye wakavunja mkataba na mdhamini na dereva kwa pamoja. Wakamuita Kevin Magnussen aliyekuwa hayupo F1 na mbio za kwanza kabisa Bahrain akamaliza wa 5.

Siku hizi imekuja kwa sura nyingine. Colapinto, kwa mfano, anajua gari, hakuna ubishi, ila alipopewa kiti cha Doohan pale Alpine 2025 baada ya mbio sita tu kila mtu aliangalia zile kampuni za Argentina zilizomfuata nyuma.

GiaJuu

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni masoko, udhamini wa michezo nimeushika kwa miaka kadhaa japo sio wa magari, ntajibu hilo la simu maana mikataba inafanana.

Ndugu Tairi_Laini, mdhamini akifikia mpaka anapiga simu kufoka ujue mwanasheria wake hakufanya kazi. Nguvu yote iko kwenye mkataba kabla gari halijapakwa rangi. Mle ndani mnaandika gari lionekane vipi, dereva atakuja kwenye hafla ngapi, tutaleta wateja wetu wangapi paddoki (eneo la ndani nyuma ya gereji za timu), na kile kifungu kitamu kuliko vyote, kwamba timu ikituchafulia jina tunaondoka siku hiyohiyo. Kumbukeni ile kashfa ya Renault, dereva wao Piquet mdogo kuambiwa ajigonge Singapore 2008 ili mwenzake Alonso ashinde. FIA walipotoa hukumu mwezi wa 9 mwaka 2009 wakaipa timu kifungo cha nje, yaani iliendelea kushindana kama kawaida. Wadhamini wao ING na Mutua Madrileña hawakungoja, ndani ya siku chache wote wawili wamevunja mikataba na logo zimetoka kabla ya mbio zilizofuata. Nani alimuadhibu mwenzake vizuri zaidi hapo?

Kuchagua dereva inatokea pia, ila hakuna atakayekuandikia barua. Räikkönen alikuwa na mkataba na Ferrari mpaka 2010, bingwa wao wa 2007, wakamlipa aondoke mwisho wa 2009. Msimu uliofuata akaingia Alonso na Santander wakaingia wakati huohuo. Ukitaka kuamini ni bahati mbaya haya, na ni kweli Alonso ni Alonso, mtu yeyote angemtaka. Lakini benki ya Hispania inamlipia Mhispania, inaeleweka, wana wateja wa kuwaonyesha. Kinachonunuliwa hapo ni soko. Ndo maana dereva kutoka nchi yenye watu wengi na kampuni kubwa ana thamani hata kabla hajawasha gari, na mwenye kipaji kutoka nchi isiyo na kampuni ya kumdhamini hana cha kuweka mezani.

Alafu msidhani stika ndo kila kitu. Petronas wako na Mercedes toka 2010 na wanachangia mafuta na vilainishi pamoja na wataalamu wake, kampuni za kompyuta zinaleta seva na mifumo, hicho nacho ni udhamini. Ushahidi mkubwa kwamba stika sio kila kitu ni sigara. Mpaka 1968 magari yalikuwa yanapakwa rangi za nchi, kijani Uingereza, nyekundu Italia, bluu Ufaransa, mwaka huo matangazo yakaruhusiwa na Lotus wakaja na rangi za sigara za Gold Leaf, wengine wakafuata, Marlboro wakakaa na McLaren toka 1974 mpaka 1996 kisha wakawa wadhamini wakuu wa Ferrari. Ulaya ikapiga marufuku matangazo ya sigara 2005. Ferrari wakaendelea kulipwa na hao hao, jina haliandikwi, kukawa na mistari kama ya msimbopau inayofanana na pakiti, hadi 2010 kelele zilipozidi wakaitoa. Na malipo yakaendelea! Mtu analipa mamilioni na jina lake halipo kwenye gari, sababu wale wateja na wakubwa anaowaingiza paddoki bado anawaingiza.

Na siasa imo. 1997 Uingereza serikali mpya ya Labour ilitaka kupiga marufuku udhamini wa sigara, ikaipigania F1 isiguswe, kumbe Ecclestone, bosi wa F1, alishakichangia chama pauni milioni 1. Ilipovuja wakamrudishia hela yake.

dereva_wa_simu

dada GiaJuu kuna ile ya kampuni ya vinywaji Rich Energy na Haas 2019 hujaitaja, mdhamini anaifukuza timu twitter kwamba inaendesha polepole 🤣🤣🤣 wiki ya Silverstone hiyo

GiaJuu

Hahaha ile ni ya darasani. Na hapo tayari mahakama ilishaona kwamba logo yao wameiga ya kampuni ya baiskeli. Watu wanasema wadhamini wanazitesa timu, wakati mwingine timu ndo haikukagua nani anaingia mlangoni. FTX, kampuni ya sarafu za kidijitali, waliingia Mercedes 2021 na mbwembwe zote, mwezi wa 11 mwaka 2022 wameanguka, timu ikabandua logo haraka haraka kabla ya mbio za Brazil. Wakashinda mbio zile, hahaha, mdhamini hayupo kwenye picha.

MzeeWaKona

Mnaongea stika kana kwamba ndo hela kubwa ya mchezo. Hela kubwa ni ya anayenunua mbio zenyewe. Waandaaji wanalipa ada kila mwaka ili msafara uje kwao, na anayeweza kulipa bila kujali tiketi zimeuzwa ngapi ni serikali yenye mafuta. Bahrain 2004, Abu Dhabi 2009, Qatar na Jeddah 2021. Jeddah 2022 siku ya Ijumaa kombora liliangukia ghala la Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, karibu na uwanja, moshi mweusi madereva wanauona wakiwa kwenye mazoezi, Aramco huyohuyo ni mdhamini wa F1 nzima na wa timu mojawapo. Madereva walikaa kikao mpaka usiku wa manane, wengine hawakutaka kuendesha. Jumapili mbio zikafanyika. Sisemi kuna aliyelazimishwa, mi sikuwepo kwenye kile chumba. Ila mtu anayetafuta nguvu ya mwenye hela inafika wapi aanzie hapo, amuache Lance wa watu.

kiti_cha_nyuma

Naingia na kitu tofauti kidogo. Nyie mnaona F1 tu, njooni kwenye mbio za masaa mengi muone kununua kiti kulivyoandikwa kwenye sheria kabisa na hakuna anayekasirika. FIA wanawapanga madereva kwa madaraja, platinamu, dhahabu, fedha, shaba. Shaba wengi wao ni wafanyabiashara wanaoendesha kwa kupenda. Kwenye daraja la LMGT3 la ubingwa wa dunia toka 2024 kila gari LAZIMA liwe na shaba mmoja. Kwa hiyo tajiri analipa, timu inaishi, na wale vijana wawili anaoendesha nao wanapata mshahara wao kutoka kwenye hela yake. Le Mans unakuta mtu ana kampuni yake huko, wikiendi anakimbizana na watu wa kazi. Vijana wengi waliokwama F2 wamepata maisha huku. Ujanja wake tu ni kwamba kila timu inatafuta "fedha" mwenye kasi ya dhahabu, na hapo ugomvi wa nani yuko daraja gani hauishi.

Alafu Marekani kwenye NASCAR ndo utaona mdhamini ni oksijeni. Furniture Row walichukua ubingwa 2017 na Truex, timu iko Denver mbali na wenzao wote. 2018 5-hour Energy wakatangaza wanaondoka, haikupatikana hela ya kuziba lile pengo, timu ikafungwa mwisho wa msimu. Bingwa mtetezi anafunga duka huku Truex anamaliza msimu huo huo wa pili! Sasa hapo dereva alikuwa wa kununua kiti? Alikuwa bora kuliko karibu wote.

breki_chelewa

Sawa basi nimewasoma wote na kuna hoja, ila hoja zote mnazotoa zinamtetea mkurugenzi wa timu, hakuna anayemuongelea yule kijana mwenye mikono mitupu. "Timu ingekufa" sawa, lakini kwa nini hela za zawadi zigawiwe mpaka timu ya 11 isipate kitu? Kwa nini F2 ambayo inacheza wikiendi moja na F1, uwanja mmoja, mwenye biashara ni yuleyule, dereva alipie mamilioni kuingia? Huko juu wanagawana mabilioni. Wangeamua viti vya F2 vilipiwe na mchezo wenyewe tungejua kweli nani ana kasi. Mnanipa historia ya kuvumilia.

PitiLeni

Hapo nakuunga mkono kabisa, sina hata cha kubishia. Lauda nae mnajua alikopa benki ili aingie timu ya March 1972, familia ya kitajiri lakini hawakutaka aendeshe wakamnyima. Akawa ana deni na gari halina kasi, akaingia timu ya BRM akiwa bado anadaiwa, bahati nzuri Ferrari wakamuona, bingwa mara tatu. Tunamsimulia kama shujaa. Ule mkopo ungekuwa umemshinda tungekuwa tunamuita tajiri mwingine aliyenunua kiti.

Tairi_Laini

Nimewaelewa vizuri sana wakuu, hasa hili la F2. La mwisho kabisa, je kuna mahali popote walishajaribu kuendesha mashindano dereva asilipe chochote? Au haiwezekani?

GiaJuu

Walijaribu. W Series ya wanawake, ilianza 2019, unachaguliwa kwa majaribio ya kuendesha, hulipi hata senti, magari yote sawa, na kuna hela ya zawadi juu yake. Jamie Chadwick akachukua ubingwa mara zote tatu. Mwezi wa 10 mwaka 2022 hela iliyokuwa inategemewa kutoka kwa mwekezaji haikuja, mbio za mwisho zikafutwa na hawakurudi tena. F1 wenyewe wakaanzisha F1 Academy 2023 ila huko dereva anachangia, msimu wa kwanza ilikuwa euro 150,000 na F1 wanaweka kiasi hichohicho, 2024 ikashuka 100,000 na kila timu ya F1 ikachukua dereva mmoja avae rangi zake. Ni nafuu kubwa ukilinganisha na mengine, lakini 100,000 bado ni hela ya mtu kuitafuta.

Chadwick na ubingwa wake mara tatu hakupata kiti F3. Alienda Indy NXT Marekani 2023 na Andretti, akiwa na DHL kama mdhamini, na 2024 akashinda mbio za Road America. Mdhamini alikuwepo na kasi ilikuwepo, hajaitwa wa kununua kiti na mtu yeyote niliyemsoma.